cPanel, DirectAdmin, Virtualmin au Hestia: paneli ipi uiweke kwenye seva yako ya Linux

Kabla hujauliza paneli ipi ni nzuri, jiulize nani ataingia ndani yake. Ni wewe peke yako? Au ni wewe pamoja na watu ishirini, kila mmoja na tovuti yake, nenosiri lake analolisahau kila mwezi, na haraka zake?

Mimi swali hilo nilichelewa kulijua. Nipo Tororo, mashariki mwa Uganda, kazi yangu kutunza seva za watu: mawakala wa forodha wa Malaba, mpakani na Kenya, shule mbili, zahanati moja, na vijana wawili wa Mbale wanaotengeneza tovuti kisha wananiletea nizipangishe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwekea mzee mmoja wa Malaba, mwenye ofisi ya uwakala, seva yenye paneli ya kulipia. Nilikaa naye saa mbili nikimwonyesha: hapa unafungua anwani ya barua pepe, hapa unabadilisha nenosiri, hapa unaona nafasi iliyobaki. Aliitikia kwa heshima, akaagiza chai. Mwaka ulipoisha nilifungua logi nione ameitumiaje. Alikuwa ameingia mara moja, siku ile ya chai. Leseni tulikuwa tumeilipa miezi kumi na miwili.

Paneli ninazolinganisha hapa ni nne, zile nilizoziweka kwa mkono wangu na kuzitunza: cPanel, DirectAdmin, Virtualmin na HestiaCP. Ukizitazama kwa mbali zote zinafanya kazi ileile. Zinaichukua seva tupu ya Linux, zinaipakia programu za tovuti, databesi, barua pepe na DNS (kitabu cha majina kinachoelekeza domeini kwenye seva yake), kisha zinakupa ukurasa kwenye kivinjari unapobonyeza badala ya kuandika amri. Tofauti zake huzioni siku ya kusakinisha. Unaziona siku ya kulipa, siku barua zinapokataliwa, na siku ya kuhama.

Pesa kwanza

cPanel ipo tangu 1996, na kwa watu wengi jina lake limekuwa jina la paneli zote, kama Omo ilivyokuwa jina la kila sabuni ya unga. Zamani ulinunua leseni ya seva moja ukafungua akaunti utakazo. Mwaka 2018 kampuni ilichukuliwa na wawekezaji wa Oakley Capital, na mwaka 2019 hesabu ikageuzwa: unalipa kwa idadi ya akaunti. Solo ni akaunti 1, Admin 5, Pro 30, Premier 100, na kila akaunti inayozidi 100 ina bei yake. Tangu hapo bei imezoea kupanda Januari kama karo za shule.

Kuna mafundi wanaokwepa hesabu hiyo kwa kuwabana wateja sita ndani ya akaunti moja. Usifanye hivyo. Akaunti ndiyo ukuta kati ya mpangaji na mpangaji. WordPress ya mmoja ikivunjwa kwa sababu ya programu-jalizi ya zamani, mwizi anatembea vyumba vyote sita bila kugonga mlango.

DirectAdmin ni ya Kanada, ipo tangu 2003. Nayo inahesabu akaunti kwenye leseni ndogo: Personal Plus akaunti 2, Lite akaunti 10. Ila ya juu, Standard, haina kikomo, na imekuwa ikiuzwa dola 29 kwa mwezi. Ukiihesabu dola kwa shilingi 3,600 za Uganda, hiyo ni shilingi 104,400. Ukiwa na wapangaji 40 ni shilingi 2,610 kwa kila mmoja, pungufu ya sahani ya chakula pale stendi. Ukiwa na wapangaji watatu, hesabu inauma.

Jambo ambalo hawalisemi kwenye kurasa za bei ni namna ya kulipa. Leseni zote hizi ni dola, kila mwezi, kwa kadi. Wateja wangu wanalipa kwa mobile money, na shule zinalipa kwa muhula, tena baada ya wiki ya tatu wazazi wanapomaliza karo. Pesa inaingia kwa mafungu na inatoka kwa matone, na tone moja likikosekana kwenye kadi siku ya kukatwa, leseni inasimama. Kwa cPanel, leseni ikikatika tovuti na barua zinaendelea, lakini mlango wa paneli unafungwa. Kwa fundi anayejua amri hilo si janga. Kwa mteja aliyezoea kubonyeza, ni siku nzima ya simu.

Utakutana pia na leseni za cPanel za dola mbili tatu, zinazouzwa na watu wasiojulikana. Ni za wizi, na zinakutaka uendeshe skripti yao kwa mamlaka ya root, yaani mkuu wa seva, kwenye seva yako. Ukishamkabidhi mtu funguo za nyumba kwa njia hiyo, usije ukauliza nani aliingia usiku.

Virtualmin na Hestia hazina ada. Virtualmin imekaa juu ya Webmin, chombo cha kusimamia mfumo mzima wa seva kupitia kivinjari, kazi aliyoianza Jamie Cameron mwaka 1997, na ina toleo la GPL la bure pamoja na toleo la Pro la kulipia. Kwenye GPL unakosa mambo kadhaa, kubwa likiwa akaunti za wauzaji wadogo, yaani mtu kama wale vijana wa Mbale kukodi sehemu ya seva yako na kuwapangishia wengine. Hestia ilichipuka kutoka paneli iliyoitangulia, VestaCP, ni ya bure kabisa, na inaishi kwa michango. Hizi mbili zinakudai muda wako badala ya pesa. Ukiwa fundi unayeanza, muda unao. Ukiwa na wateja 60 na mtoto mchanga, fikiria tena.

Siku ya kusakinisha

Sehemu hii watu huiogopa bure. Zote nne zinasakinishwa kwa skripti moja, na skripti inafanya kila kitu ukiwa umekaa. Kazi ngumu iko kabla ya kuiendesha.

Kwanza, seva iwe mpya na tupu. cPanel haina njia ya kujiondoa: ukiichoka, unafuta seva yote na kuanza upya. Hestia ikikuta programu zilizotangulia inakuonya na kukataa kuendelea. Usijaribu kuweka paneli juu ya seva yenye tovuti inayofanya kazi, hata kama rafiki amekuambia kwake ilikubali.

Pili, chagua mfumo, yaani aina ya Linux, kulingana na paneli. CentOS tuliyoizoea imekwisha: toleo la 8 lilikoma Desemba 2021 na la 7 Juni 2024. Bado naona maelekezo ya zamani yanayoanza na CentOS 7. Ukiyakuta, funga ukurasa. Mambo ya msingi haya hapa:

| Paneli | Mfumo wa kuanzia | Poti ya kuingilia | Leseni |
|---|---|---|---|
| cPanel | AlmaLinux, CloudLinux au Ubuntu LTS | 2087 ya msimamizi, 2083 ya mteja | Kwa akaunti |
| DirectAdmin | AlmaLinux, Debian au Ubuntu | 2222 | Kwa akaunti. Standard haina kikomo |
| Virtualmin | AlmaLinux, Rocky, Debian au Ubuntu | 10000 | Bure, au Pro |
| HestiaCP | Debian au Ubuntu tu | 8083 | Bure |

Tatu, jina la seva. Lazima liwe kamili, na lisiwe sawa na domeini ya tovuti yoyote utakayoiweka humo. Kama domeini ya ofisi ni mfano.co.ug, seva iite seva1.mfano.co.ug. Ukiiita mfano.co.ug, programu ya barua itadhani domeini hiyo ni yake binafsi, na barua za ofisi zitapotea njiani kwa namna itakayokutoa jasho. Kosa hili nimelikuta kwenye seva tatu za watu waliokuja kwangu wakiwa wamechoka, na mara zote tatu walikuwa wameshabadilisha paneli wakidhani ndiyo mbovu.

Nne, ambayo ni yetu sisi wa huku: stima inakatika, mtandao wa simu unayumba. Ukiendesha skripti moja kwa moja kupitia SSH, njia ya kuandika amri kwenye seva ukiwa mbali, na laini ikakatika katikati, unabaki na paneli nusu. Tumia screen, ili kazi iendelee kule kwenye seva hata kama kompyuta yako imezima. Kwa Hestia ninaandika hivi:

`apt install screen`
`screen -S paneli`
`wget https://raw.githubusercontent.com/hestiacp/hestiacp/release/install/hst-install.sh`
`bash hst-install.sh --hostname seva1.mfano.co.ug --clamav no --spamassassin no`

Ukikatika, ingia tena na uandike `screen -r paneli`. Utakuta kazi imesonga bila wewe. Na usiogope bando: anayepakua mafaili ni seva, iliyoko Ujerumani au popote ulipoikodi. Kwenye simu yako yanapita maandishi tu.

Hizo `no` mbili, ya ClamAV inayopekua virusi kwenye barua na ya SpamAssassin inayochuja takataka, zina sababu. ClamAV peke yake hula zaidi ya GB 1 ya RAM. Kwenye seva ya GB 2 inawafukuza wenzake wote, na databesi ndiyo huanguka kwanza. Virtualmin inakuuliza jambo hilohilo kwenye maswali ya mwanzo baada ya kusakinisha, na mtu asiyejua hubonyeza ndiyo kila mahali. Kwa seva ndogo, Hestia na Virtualmin zikiwa zimepunguzwa hivyo zinatosha kabisa. cPanel inataka nafasi zaidi, na mimi siiweki chini ya GB 4 nikitaka kulala. DirectAdmin iko katikati: nyepesi ikishatulia, lakini siku ya kwanza inaweza kuchukua muda ikitengeneza baadhi ya programu zake kutoka kwenye msimbo. Pika chakula, utaikuta.

Barua pepe ndiyo kesi yenyewe

Tovuti ya wakala wa forodha ikizima siku mbili, hakuna anayepiga simu. Barua ya nyaraka za mzigo kutoka Mombasa ikichelewa saa moja, lori liko kwenye foleni, dereva anadai posho, mwenye mali anapiga simu kutoka Kampala, na wakala ananipigia mimi. "Fundi, barua haziingii. Gari liko mpakani." Sentensi hiyo naisikia hata usingizini. Kwa hiyo ninapolinganisha paneli, uzuri wa vitufe huja mwisho. Kwanza natazama paneli inanisaidiaje pale Gmail inapokataa barua zetu.

Barua ili ipokelewe inahitaji mambo manne yakubaliane: SPF inayosema seva gani inaruhusiwa kutuma, DKIM inayotia muhuri, DMARC inayosema la kufanya muhuri ukikosekana, na PTR, yaani anwani ya IP ikiulizwa jina lake ijibu jina la seva yako. Tangu Februari 2024 Google imekaza masharti haya, na wanaotuma barua 5,000 kwa siku wamekazwa zaidi. PTR hakuna paneli inayoweza kukuwekea. Inawekwa na aliyekukodisha seva, kwenye ukurasa wake.

cPanel hapa inashinda, nakiri. Ina ukurasa unaokagua SPF, DKIM na PTR za kila domeini, unakuambia ipi ina kasoro, na unakupa maandishi ya kunakili. Mtu asiyejua lolote anaweza kufuata. Hestia inakupa orodha ya rekodi za DNS za kila domeini ya barua, uzinakili mwenyewe, bila kukagua kwa undani namna ile. Virtualmin nayo ina ukurasa wa rekodi inazopendekeza, lakini DKIM unaiwasha wewe kwenye mipangilio ya barua. Usipojua ipo, utatuma barua zisizo na muhuri mwezi mzima. DirectAdmin inatumia programu za barua Exim na Dovecot kama cPanel na Hestia, na mambo yake yapo, ila imezoea watu wasiohitaji kushikwa mkono.

Nieleze kosa langu, maana najua nawe utalifanya. Domeini za .ug husajiliwa kupitia i3C, kampuni inayozisimamia, au mawakala, na watu wengi DNS wanaiacha hukohuko waliposajili. Mimi niliwasha DKIM kwenye paneli, paneli ikaiandika kwenye DNS yake ya ndani, nikaona kila kitu ni kijani, nikaenda zangu. Nusu siku barua ziliangukia kwenye spamu. Paneli ilikuwa inasoma DNS yake yenyewe, wakati dunia nzima inasoma DNS ya aliyetusajilia domeini, ambako rekodi ile haikuwepo. Kama DNS yako iko nje ya seva, usiiamini rangi ya paneli. Uliza kutoka nje, kwa `dig TXT` ukiielekeza kwa 8.8.8.8, DNS ya Google.

Halafu kuna poti 25, njia ambayo seva hupelekeana barua. Kati ya wakodishaji wa seva, DigitalOcean huifunga, pamoja na 465 na 587. Hetzner huwafungia wateja wapya mpaka wakae kwanza na waombe. Hakuna paneli itakayoifungua. Njia ya kupita ni kutuma barua kupitia huduma ya kati kwa poti nyingine iliyo wazi kwako, kama 587 au 2525, na hapa Hestia imenifurahisha: unaweza kuweka njia hiyo kwa seva nzima au kwa domeini moja tu, kwenye ukurasa wake, bila kugusa faili. Wakala mwenye barua nyingi namlipia njia yake, shule inabaki kwenye njia ya kawaida. Kwenye cPanel utaipata ndani ya mipangilio ya Exim, na kwenye Virtualmin ndani ya Postfix, programu yake ya barua, kupitia Webmin. Inawezekana, lakini jioni yako imekwenda.

Mara moja nilikodi seva kwa kampuni fulani ya bei rahisi, nikapewa anwani ya IP ambayo mpangaji aliyetangulia alikuwa ameitumia kutuma takataka duniani kote. Ilikuwa kwenye orodha nyeusi kabla sijaandika barua ya kwanza. Tangu siku hiyo naikagua anwani kwanza, paneli baadaye. Ikiwa chafu narudisha seva siku hiyohiyo.

Mlango wa paneli

Paneli ina mamlaka yote juu ya seva, na imekaa kwenye poti inayojulikana na kila mwizi. Historia yake inatosha kumwamsha mtu. Mwaka 2018 VestaCP ilivamiwa, na skripti yake ya kusakinisha ikachezewa ikawa inavujisha nywila za seva mpya. Januari 2023 wavamizi walipitia tundu la Control Web Panel, ile iliyokuwa ikiitwa CentOS Web Panel. Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya CyberPanel: zaidi ya seva 20,000 zilikuwa wazi, na wezi wakafunga mafaili ya watu wakidai fidia. Hestia ni mtoto wa Vesta, kwa hiyo swali la ukoo ni halali. Jibu langu ni kwamba walioianzisha wanajua familia yao ilianguka wapi, na matoleo mapya yanatoka. Lakini siachi poti 8083 wazi.

Ushauri wa kawaida ni kuruhusu anwani yako ya IP tu kwenye faiawoli. Kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya nyumbani, sawa. Sisi tuko kwenye mtandao wa simu: anwani inabadilika kila ukizima data, na moja mnaigawana wengi. Tangu Facebook ifungwe hapa Januari 2021, nusu ya simu mjini zina VPN, leo uko Uholanzi kesho Singapore. Fail2ban ya seva, mlinzi anayefungia anwani zinazotia shaka, inaona mambo hayo na kukufungia nje. Imenitokea ofisi nzima ya wakala kufungiwa kwa sababu simu ya karani mmoja ilikuwa na nenosiri la zamani la barua na ilijaribu usiku kucha.

Ninachofanya ni handaki la SSH. Poti ya paneli naifunga kwa dunia, kisha naingia hivi:

`ssh -L 8083:localhost:8083 fundi@seva1.mfano.co.ug`

Nikifungua https://localhost:8083 kwenye kivinjari changu, paneli inakuja. Virtualmin ni vilevile kwa poti 10000. Sasa ona swali letu la mwanzo linavyorudi: mbinu hii inawezekana kwa sababu anayeingia ni mimi peke yangu. Makarani wa Malaba wanatumia Roundcube kusoma barua, hawajui paneli ipo. Ukiwa na wateja wanaoingia wenyewe, huwezi kumfundisha kila mmoja handaki. Mlango lazima ubaki wazi, na hapo unataka paneli yenye kampuni inayolipwa kukesha, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili kwa kila akaunti. Hiyo ndiyo maana halisi ya leseni ya cPanel au DirectAdmin.

Neno moja kuhusu CSF, faiawoli iliyokuwa ikitajwa kwenye kila mwongozo wa cPanel: kampuni iliyoitengeneza ilifungwa Agosti 2025 na msimbo ukaachwa wazi kwa umma. Mwongozo unaokuambia uichukue kwa waliokuwa wenyewe umepitwa na wakati.

Na paneli yoyote uichague ikiwa na uwezo wa kujitunza wiki nzima bila wewe. Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Seva zangu zilikuwa Ulaya zikifanya kazi vizuri, na mimi Tororo sijui lolote. Niliteremka Malaba, mtu mwenye laini ya Kenya akaniazima simu karibu na mpaka, nikaingia kwa dakika kumi. Vyeti vya usalama wa tovuti vya Let's Encrypt, vinavyodumu siku 90, vilikuwa vimejihuisha, bekapu zilikuwa zimepigwa. Zote nne zinaweza hilo zikipangwa. Pima kabla ya siku ya shida.

Siku ya kuhama

Hapa cPanel ina nguvu ambayo bei yake inaificha. Ukihamisha mteja kutoka seva moja ya cPanel kwenda nyingine, unachukua faili moja la akaunti na kulirejesha: tovuti, databesi, barua, nywila, vyote. Wauzaji wengi wa nafasi za tovuti hapa Uganda wanatumia cPanel, kwa hiyo mteja mpya mara nyingi anakuja na faili hilo mkononi. DirectAdmin inaweza kulisoma na kuligeuza. Virtualmin nayo ina ukurasa wa kuleta akaunti kutoka cPanel, na Hestia ina amri, `v-import-cpanel`, ya kuendeshwa kwenye terminali. Kadiri unavyoshuka kwenye orodha hii ndivyo unavyotakiwa kukagua kwa macho kila kisanduku cha barua baada ya kuhamisha.

Njia ya kurudi ni nyembamba zaidi. Kutoka Hestia kwenda cPanel, jiandae kubeba kwa mikono: mafaili kwa rsync, databesi kwa mysqldump, barua kwa imapsync. Nimefanya kwa shule moja usiku wa Jumamosi, ikaisha Jumapili kengele za kanisa zikilia.

Shule na zahanati zina jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka ujue taarifa za wanafunzi na wagonjwa zimelala nchi gani na zinalindwaje huko. Bekapu ya paneli inayorushwa kwenye hifadhi ya bure ya mtu binafsi haitajibu swali hilo.

Zile nilizoziacha kando

Plesk ni nzuri, na ndiyo utakayoitaka kama una seva za Windows pia, ila iko nyumba moja na cPanel na bei zinapanda pamoja. CloudPanel ni nyepesi na ya haraka, lakini haina barua pepe kabisa. Kwa wateja wangu ni kama kuuziwa baiskeli isiyo na mnyororo. ISPConfig ni ya mtu mwenye seva nyingi na subira. CyberPanel ina kasi kwa WordPress kwa sababu ya OpenLiteSpeed, na baada ya ile Oktoba sijarudi. Hilo ni moyo wangu, huenda wewe ukawa jasiri kuliko mimi.

Kwangu leo iko hivi. Mawakala wa Malaba wako kwenye Hestia, seva ya GB 2, mlango umefungwa, barua za wanaotuma nyingi zinapita njia yao. Shule na zahanati ziko Virtualmin, kwa sababu wakati mwingine nahitaji kushika kitu cha ndani ya mfumo, na Webmin inanifikisha kote. Mzee wa chai alihamishwa pamoja na wenzake. Hakuona tofauti, maana hakuwahi kuona paneli.

Vijana wa Mbale ndio pekee walio kwenye DirectAdmin, kwa kuwa wateja wao wanaingia wenyewe. Wiki iliyopita walinipigia. "Kaka, wateja wanaulizia cPanel, tuhame?" Niliwaambia wasiniulize mimi. Wafungue logi, wahesabu wateja wangapi wameingia miezi mitatu hii, kisha waigawe bei ya leseni kwa idadi hiyo. Walikaa kimya kidogo. Wamesema watanipigia Jumatatu.